Mama Poda na Mistari Iliyopotea Yote

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa saluni uko wazi na kiti kimesogezwa hadi kizingitini. Mteja amekaa uso ukielekea nje, taulo kifuani, nywele zimefungwa nyuma kwa kitambaa. Mbele yake amesimama mama wa miaka hamsini na nane, mfupi, brashi mkononi, na amefumba jicho la kushoto kama mtu anayelenga shabaha.

Anachora mstari wa kwanza kwenye taya la mteja, chini kidogo ya sikio, kushuka kuelekea shingoni. Wa pili pembeni yake. Wa tatu. Ni mistari ya fondesheni, ile rangi ya uso ya majimaji, na kila mmoja umetoka kwenye chupa yake. Kisha anaweka brashi chini, anakunja mikono na kusubiri.

"Tunasubiri nini?" mwandishi anauliza.

"Ikauke. Rangi ikipata hewa inakolea. Ukiiamini ikiwa mbichi, imekuponza," anajibu bila kugeuka. "Na usiijaribu mgongoni mwa mkono kama wanavyofanya madukani. Nani anatembea na uso wa mkono?"

Mtaa mzima unamwita Mama Poda. Amepaka watu mekapu kwa miaka thelathini na moja, na ana chupa arobaini na mbili za fondesheni zilizopangwa kwenye rafu, kutoka ile nyeupe kama maziwa hadi ile nyeusi kama kahawa isiyo na kitu. Kwenye meza yake kuna sponji zilizolowekwa na kukamuliwa, kopo la poda, na chai anayoisahau kila siku mpaka inapoa.

Mwandishi alikuja kwa jambo dogo. Wasomaji wengi wanataka kujua namna ya kuchagua na kupaka mekapu ili uso uonekane laini, na huyu ndiye aliyetajwa kila mahali kuwa fundi. Lakini kulikuwa na kitu kisichoeleweka tangu mwanzo. Mteja aliyekuwa kitini, mwalimu wa chekechea wa miaka ishirini na saba, alikuja na gauni la harusi ndani ya mfuko, na harusi yake ilishapita tangu mwaka jana.

"Huyu ni wa kwanza," alisema Mama Poda, akifumba jicho na kulifumbua. "Wamebaki kumi. Kaa chini nikueleze, maana ukisikia umesimama unaweza kuanguka."

Kanuni yake ya kazi ni moja na aliijua tangu akiwa msichana, akimbebea mikoba mama mmoja aliyekuwa akipaka waimbaji. Mteja anakaa mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kamwe si chini ya taa. Anachorwa mistari mitatu kwenye taya. Ikikauka, miwili itaonekana na mmoja utapotea, ngozi imeumeza. Ule unaopotea ndio wake.

"Watu wanadhani mekapu ni kuficha," alisema. "Sio. Mekapu ni kupotea. Nikimaliza, mtu aseme ngozi yako nzuri, asiseme rangi yako nzuri."

Na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Miaka mitatu hivi iliyopita, anasema, kazi ilianza kuwa rahisi ajabu. Zamani alikuwa akihangaika kati ya chupa mbili, moja yenye umanjano ndani yake na nyingine yenye wekundu, akimgeuza mteja huku na kule mpaka shingo inamuuma. Sasa alikuwa anachora mistari mitatu, anakunywa chai, anarudi, na mistari yote mitatu imepotea.

"Yote?"

"Yote! Nikajiambia, mama, sasa umeiva. Umefika mahali jicho lako halikosei hata kwa chupa tatu. Nikawa nachukua yoyote. Nikawa najisifu mbele ya watu. Nilikuwa na kiburi mimi, usinione hivi."

Alichokiona kibaya kilikuwa taa tu. Nyumbani na saluni, balbu zilikuwa zikimulika kama zimechoka. Alizibadilisha mara tatu, akagombana na muuza balbu mpaka majirani wakatoka nje, akamwambia anauza takataka. Muuza balbu, ambaye duka lake liko hatua ishirini kutoka hapo, anakumbuka vizuri. "Aliniita mwizi," alisema, akicheka sasa. "Nikamwonyesha balbu inawaka nyeupe kabisa. Akasema hii ni ya manjano. Nikajua huyu mama ana lake jambo."

Wateja nao walianza kupungua. Kutoka bibi harusi wanane kwa mwezi walibaki watano, wakawa wawili, kisha zikapita wiki tatu bila hata mmoja. Mama Poda akasema watoto wa siku hizi wanajipaka wenyewe kwa kutazama simu. Hakuna aliyembishia. Kila mtu mtaani amepakwa naye, au mama yake amepakwa naye, na ni nani atakayemfuata mtu wa namna hiyo amwambie kazi yako imeharibika?

Aliyemwambia ni binti yake wa mwisho, msusi anayefanya kazi kwenye kiti cha pili cha saluni hiyohiyo.

Ilikuwa siku ya kawaida, miezi minne iliyopita. Mama Poda alikuwa amemaliza kumpaka binti huyo kwa ajili ya sherehe ya rafiki yake. Binti akaaga, akatoka. Dakika mbili baadaye mama akakumbuka kumpa mwavuli, akamfuata hadi kwenye kona, na akamkuta amejibanza ukutani anajifuta uso mzima kwa kitambaa chenye maji.

"Niliganda," alisema Mama Poda. "Kitambaa kimejaa rangi yangu. Nikamuuliza, unafanya nini wewe? Akaanza kulia."

Binti mwenyewe alisimulia iliyobaki, mikono ikiendelea kusuka kichwa cha mteja wake. "Nilimwambia, mama, unatupaka majivu. Sio leo tu. Muda mrefu. Unachukua chupa yenye wekundu unampaka mtu wa manjano, uso unakuwa kama wa mtu aliyetoka kwenye unga. Na wewe mwenyewe, mama. Kila asubuhi unatoka hivyo."

Hilo la mwisho ndilo lililomwangusha. Mama Poda hajawahi kutoka nje bila kujipaka tangu aolewe. Kwa miaka mitatu alikuwa amepita sokoni, amekaa msibani, amesimama kwenye mahafali ya watoto wa watu, uso wake ukiwa na rangi moja na shingo nyingine, na watu walimsalimia, wakamwita fundi, wakaenda zao.

"Ulijua na ukanyamaza?" alimuuliza binti yake pale kwenye kona.

"Ningeanzia wapi, mama?"

Kesho yake wakaenda hospitali. Daktari wa macho alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akaandika kidogo. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amekomaa. Kisha akauliza swali la kawaida tu la kujaza fomu: mama, unafanya kazi gani?

"Nikasema, nachagulia watu rangi za uso. Daktari akaweka kalamu chini. Akanitazama hivi." Mama Poda akaonyesha namna daktari alivyomtazama, mdomo wazi. "Akasema, na rangi hizo ulikuwa unazichagua kwa macho haya haya?"

Daktari alimweleza kwa lugha ya nyumbani. Lenzi ya jicho lake ilikuwa imegeuka kama kioo cha dirisha kilichokaa jikoni miaka mingi: bado unaona nje, lakini kila kitu kinapita kwenye moshi na mafuta. Nyeupe inakuwa manjano, na manjano na wekundu hafifu vinafanana. Mama Poda hakushtuka miaka yote hiyo kwa sababu haikuja ghafla. Mistari yake mitatu haikuwa inapotea kwenye ngozi ya mtu yeyote. Ilikuwa inapotea ndani ya jicho lake.

Wiki sita zilizopita alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata muuguzi alimtoa bandeji, na Mama Poda akapiga ukelele uliowafanya wagonjwa wengine waamke.

"Shuka!" anasema, na mpaka leo akisimulia anashika kifua. "Shuka la hospitali lilikuwa jeupe. Jeupe, jeupe! Jana yake nililala humo nikijua ni la manjano. Koti la muuguzi jeupe. Ukuta una ubuluu. Nikafumba jicho jipya, nikatazama kwa la zamani, kila kitu kikarudi kuwa kama chai. Nikafumbua, nyeupe. Nikafumba, chai. Muuguzi akadhani nimechanganyikiwa."

Aliporudi nyumbani hakwenda kulala kama alivyoagizwa. Alienda saluni, akasimama mbele ya rafu yake. Chupa arobaini na mbili, alizokuwa amezipanga kwa mkono wake kutoka nyepesi hadi nzito, zilikuwa zimekaa ovyo kama viatu mlangoni pa nyumba ya watu wengi. Karibu na katikati, za manjano na za wekundu zilikuwa zimechanganyika kabisa. Nyuma ya kila chupa, chini, kulikuwa na kibandiko kidogo chenye namba. Binti yake alikuwa akiziwekea namba kwa siri mwaka mzima, ili mama akimwambia "niletee ile," yeye alete ile inayofaa.

"Kuna mabibi harusi waliookolewa na mtoto wangu na mimi sijui," alisema. "Na kuna siku hakuwepo."

Siku ambazo binti hakuwepo ndizo alizotaka kuzijua. Akamwita mpiga picha, mwanamume mwenye mvi ambaye wamefanya naye harusi kwa miaka kumi na saba, na kumtaka alete picha zake zote za miaka mitatu. Mpiga picha alikuja na kompyuta yake chini ya kwapa, na alikuwa na uso wa mtu anayepelekwa kuungama.

Picha zote zilikuwa nzuri. Nyuso laini, shingo na uso kitu kimoja. Mama Poda akapumua. Kisha akamtazama mwenzake kwa lile jicho jipya na kumuuliza kama hizo ndizo picha zilivyotoka kwenye kamera.

"Nikashindwa kudanganya," mpiga picha alimwambia mwandishi. "Nilikuwa nazirekebisha. Usiku kucha nazirekebisha, uso mmoja baada ya mwingine. Ningemwambiaje dada yangu? Nikasema nitambebea mpaka atakapostaafu."

"Mpaka nistaafu!" Mama Poda alidakia kutoka mlangoni. "Watu wote hawa wananibeba, na mimi nadhani natembea."

Akamlazimisha afungue zile za asili. Wakazipitia mchana mzima, uso baada ya uso. Walihesabu mabibi harusi kumi na mmoja waliotoka mlangoni pale wakiwa na rangi ya majivu. Picha za kamera yake zilikuwa zimetengenezwa. Lakini siku hizi kila mgeni ana simu, na picha za simu hazikupita kwa mtu yeyote.

Jioni hiyohiyo alianza kuwapigia. Wanne walikata simu au hawakupokea. Mmoja alimtukana, na anasema alistahili. Watano walimwambia, mama achana nayo, yameshapita, na kwa sauti zao alijua hayajapita. Wote waliopokea aliwaambia maneno yaleyale: njoo na gauni lako, nikupake upya, mpiga picha yupo, hulipi kitu.

Aliyekubali palepale ni mwalimu wa chekechea.

Mistari imekauka. Mama Poda anainama, anafumba jicho la kushoto, anatazama. Mstari wa kwanza unang'ang'ania juu ya ngozi, mwekundu-mwekundu. Wa tatu umekuwa mzito. Wa katikati haupo.

"Huu hapa," anasema. "Unaona kitu? Mimi sioni kitu. Na safari hii ni kweli sioni."

Kazi yenyewe inafanyika taratibu. Uso umeshaoshwa na kupakwa krimu, na umeachwa dakika kumi ili krimu iingie. Tone moja la fondesheni linawekwa nyuma ya kiganja, sponji yenye unyevu inaligusa, halafu inaanza kugonga-gonga kutoka katikati ya uso kwenda nje. Hasugui. "Ukisugua unaamsha kila kitundu cha ngozi," anafundisha. Penye kovu dogo la chunusi anaongeza tone, penye ngozi safi hagusi kabisa. Poda ni kwenye pua na kipaji cha uso tu. Baada ya dakika ishirini na tano, ngozi ya mwalimu inaonekana kama ya mtu aliyelala vizuri mwezi mzima.

Ni wakati anamalizia wanja ndipo alipouliza swali ambalo, anasema baadaye, lilikuwa linamkaba tangu apige simu.

"Mwanangu, siku ile ulijiona?"

"Nilijiona," alijibu mwalimu. "Kwenye kioo cha gari."

"Kwa nini hukurudi? Ningekufuta."

"Mama yangu alikuwa ndani ya gari."

Mama Poda anamkumbuka mama huyo. Hakuna mtu katika miaka thelathini na moja aliyemsifia kama yule. Alisimama pale pale mlangoni, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akasema mwanawe anang'aa kama dhahabu. Akamshika Mama Poda mikono na hakutaka kuiachia. "Nilirudi nyumbani natembea juu kwa juu," alisema. "Na ukweli, ni sifa ile iliyonipumbaza. Nilisema, kama mama mzazi anaona hivi, nani mwingine aniambie kitu?"

Mwalimu akatoa simu kwenye mkoba. Picha iliyokuwemo ilipigwa na binamu yake: yeye na mama yake, mashavu yamegusana, wote wanacheka. Mama ana rangi yake nzuri ya asili. Bibi harusi ana uso wa majivu juu ya shingo ya kahawia. Mama huyo alifariki miezi mitatu baada ya harusi, na hiyo ndiyo picha pekee ya siku ile wakiwa wawili.

"Mpiga picha alisema ataitengeneza," alisema mwalimu. "Nikakataa. Tumegusana mashavu. Akigusa uso wangu ataugusa na wake."

Msusi aliacha kusuka. Mama Poda alikaa kwenye kibao, sponji bado mkononi. Alianza kuomba msamaha, na mwalimu akamkatiza.

"Sikuja unipake, mama. Nimekuja kwa sababu ya ulichoniambia kwenye simu. Kuhusu macho." Akakunja taulo juu ya magoti yake. "Tulipokuwa tunagawa vitu vyake, tulikuta karatasi ya hospitali kwenye mkoba wake. Hakumwambia mtu. Alikuwa anaogopa kisu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili."

Mwandishi amesikia mengi katika kazi hii, na bado kalamu ilimponyoka. Katika mlango ule, siku ile, walikuwepo ndugu, marafiki na majirani, na wote waliona majivu wakanyamaza. Wawili tu waliona dhahabu, na wala hawakuwa wanadanganya.

"Nilidhani alisema vile kunifariji," mwalimu aliendelea. "Mwaka mzima nimekuwa nikiwaza, mama yangu aliniona nimeharibika siku ya harusi yangu, akaficha. Nataka kujua tu. Aliona nini?"

Mama Poda akachukua simu. Akasogea hadi kwenye mwanga wa mlango, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, lile jipya, na kuitazama picha kwa la kushoto ambalo bado halijaguswa. Akaitazama sana. Chai yake ilishapoa zamani.

"Uso na shingo ni kitu kimoja," alisema hatimaye. "Hakuna mpaka. Hakuna majivu popote. Una rangi ya asali, mwanangu, na gauni lako lina rangi ya siagi, na mama yako anakuchekea. Umependeza kupita kiasi. Hakukudanganya hata kidogo."

Jumatano ijayo, saa mbili asubuhi, Mama Poda atalala tena kwenye shuka jeupe ili jicho la kushoto nalo lifunguliwe. Amekwisha kupanga. Atapumzika mwezi mmoja, kwa kweli safari hii, kisha atawafuata wale wengine mmoja mmoja, hata waliokata simu, hata yule aliyemtukana. Chupa zitabaki na namba, na binti ataanza kujifunza mistari mitatu, awe jicho la pili. Asiyeona vizuri na aambiwe siku hiyohiyo, alisema, na akaandika hivyo kwa wanja kwenye kioo cha saluni ili asisahau.

Mpiga picha alikuwa tayari nje, anafuta lenzi. Mwalimu alivaa gauni nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mlangoni juani. Kila mtu alimsifia, muuza balbu akapiga mluzi kutoka dukani kwake. Yeye alikuwa anamtazama Mama Poda tu.

"Na sasa?" aliuliza. "Niangalie na sasa. Kwa jicho lile lile."

Mama Poda akaelewa. Akaziba tena jicho la kulia na kumtazama kuanzia juu hadi chini, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Unang'aa kama dhahabu, mwanangu."

Mwalimu akainua uso juu haraka, akipepesa, akijipepea kwa mikono ili machozi yasiharibu kazi ya asubuhi nzima. Mama Poda alishalowesha sponji nyingine.

"Lia tu," alimwambia. "Nitakupaka upya."